UZI: Boksi 14 za komiki za maisha yote – kuuza, kutoa maktaba au kuachia watoto?

Ngamiani_Kati (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nahitaji wanaolijua hili jambo kwa undani, si wa "tupia mtandaoni uone".

Mwenye mali ni mzee wa miaka 71, yupo Tanga, akili timamu, anataka uamuzi ufanyike yeye mwenyewe akiwepo. Vitu vilivyomo kwa makadirio:

– Marvel na DC kama 900, nyingi za 1968 hadi 1992. Baadhi zina bei ya senti za Marekani, baadhi za peni za Uingereza.
– Sani, Kingo na majarida mengine ya vibonzo ya Dar, kama 400. Sehemu yamejalidiwa pamoja.
– African Film (zile hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman) kama 60, Joe ya Nairobi 30 na kitu, Pichadithi chache.
– Indrajal na Amar Chitra Katha (komiki za India) kama 150.
– Tintin na Asterix za Kiingereza, 40.

Zimo kwenye boksi za kawaida za dukani, nyingine kwenye masanduku ya bati. Watoto watatu: wawili hawazitaki, mmoja yupo Marekani anasema "msiuze kitu". Tuanzie wapi?

FundiJalada

Mkuu, usianze na bei. Anza na unyevu na wadudu, maana kila wiki mnayobishana thamani inashuka.

Karatasi ya komiki za zamani ni ya gazeti. Ina lignini na asidi, inajila yenyewe kuanzia kingoni. Tanga unyevu wa hewa unapita asilimia 70 siku nyingi, na ukungu unaota vizuri kuanzia 65 hivi. Lengo ni 40 hadi 50. Nunueni kipima unyevu cha kidijitali, kiwekeni ndani ya boksi lenyewe, si ukutani. Mtashangaa. Sanduku la bati ni baya kuliko boksi la karatasi: usiku bati linapoa, unyevu uliofungiwa ndani unageuka matone, matone yanashuka kwenye majalada ya juu.

Utaratibu:

Hamisheni kila kitu kwenye chumba ambacho hakipo chini ya bati moja kwa moja na hakina ukuta unaotoka chumvi. Rafu ya chuma, sentimita 10 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani. Hapo mchwa hawapandi bila kuacha njia ya udongo unayoiona.

Fungueni kila boksi nje, kivulini. Vueni mipira ya kufungia, klipu na mifuko ya plastiki ya zamani inayonata au kunuka. Hiyo ni PVC, inatoa asidi.

Zenye ukungu zitengeni siku hiyohiyo. Ukungu ukiwa bado na majimaji usiufute, utausugua uingie kwenye karatasi. Kausheni kwanza mahali penye feni (isipulize moja kwa moja), ukishakuwa unga ufuteni nje kwa brashi laini ya rangi, barakoa usoni.

Mkiona vumbi kama unga wa sembe kwenye mgongo wa kitabu, au vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukiwasha taa, tieni komiki kwenye mfuko, toeni hewa, zibeni kwa selotepu, ingizeni kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mkizitoa msifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa chumbani unatua juu ya karatasi baridi. Friza inaua mdudu na mayai. Ukungu haiuui, inaulaza tu.

Msiweke vidonge vya nondo. Harufu haitoki tena na mnunuzi ataipata kabla hajafungua jalada.

Na tafadhali: hakuna kubandika selotepu, hakuna kutoa pini zilizoshika kutu na kuweka mpya, hakuna laminesheni. Laminesheni ni kuizika komiki ikiwa hai.

Kaka_Columbus

Naunga mkono fundi. Sasa tuje kwenye hizo 900, maana hapo ndipo familia nyingi hujidanganya kwa pande zote mbili: ama wanadhani kila kitu ni dhahabu, ama wanauza dhahabu kwa kilo.

Ukweli mchungu kwanza. Komiki za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1990 na kitu zilichapishwa kwa wingi wa kutisha. X-Men namba 1 ya 1991 ilichapishwa nakala karibu milioni 8. Kila aliyenunua aliiweka kwenye plastiki akisubiri utajiri. Leo ni bei ya soda. Kifo cha Superman, namba 75, iliyotoka mwishoni mwa 1992, nayo vivyo hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo 900 haina bei ya kusumbua mtu.

Pesa ipo kwenye namba chache ambazo mhusika maarufu anatokea kwa mara ya kwanza. Kwa miaka uliyotaja, angalieni hizi kabla ya nyingine:

Amazing Spider-Man 129 (1974) na 300 (1988). Incredible Hulk 181 (1974). Giant-Size X-Men 1 (1975), ambamo Storm anatokea kwa mara ya kwanza, yule wa asili ya Kenya. Iron Man 55 (1973). Marvel Spotlight 5 (1972). Werewolf by Night 32 (1975). Hero for Hire 1 (1972). House of Secrets 92 (1971). Green Lantern 87. Batman 232 (1971). New Mutants 98 (1991). Na kama kuna za kabla ya 1968, Fantastic Four 52 ya 1966, ndipo Black Panther alipozaliwa.

Mkizipata, haya ndiyo mambo ya kukagua:

1. Someni maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza wa ndani, si jalada pekee. Hapo ndipo namba na mwaka halisi vilipo, na hapo ndipo toleo la kurudiwa hujitaja.

2. Marvel za 1974 hadi 1976 zilikuwa na stempu ya kukata kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Watoto walikata. Hulk 181 isiyo na stempu inapoteza sehemu kubwa sana ya bei, hata jalada likiwa linang'aa. Hesabuni kurasa zote na mfungue huo ukurasa kwa macho yenu.

3. Rula. DC walitoa kuanzia 1974 nakala kubwa za marudio za komiki zao za kwanza, ikiwemo Action Comics 1. Zina jalada la nje linalosema ni marudio. Likichanika, la ndani linafanana kabisa na la 1938. Ila ni kubwa karibu kama gazeti dogo. Ya kweli upana wake hauzidi sana sentimita 19. Kila mwaka kuna mtu anazimia kwa furaha bure kwa sababu hakupima.

4. Peni au senti. Marvel zenye bei ya peni zilichapishwa Marekani, mtambo uleule, wakati uleule, ni bei tu iliyobadilishwa. Si marudio. Wanunuzi wa Marekani hulipa pungufu kidogo, wa Uingereza hawajali sana. Msizichanganye na magazeti ya kila wiki ya Marvel ya Uingereza yaliyoanza 1972, yale makubwa yenye kurasa nyingi nyeusi na nyeupe. Yale ni marudio kweli. DC za zamani zilizopitia Uingereza mara nyingi zina muhuri wa wino wa T&P (wasambazaji Thorpe & Porter) jalada la mbele. Unapunguza kidogo, msijaribu kuufuta.

Kulinganisha toleo tumieni Grand Comics Database, ni bure. Bei angalieni eBay, lakini kichujio cha zilizokwisha kuuzwa tu. Bei anayoitaka muuzaji siyo bei.

Luthuli_Dalali

Watu wangu, mnamchosha mzee. Komiki 900, uza kwa mkupuo, maliza. Ukichambua moja moja utafanya kazi ya miezi kwa shilingi za nauli.

Kaka_Columbus

@Luthuli_Dalali hesabu hiyo inamfaa mnunuzi, ndugu yangu. Mfanyabiashara wa komiki hulipa asilimia 30 hadi 50 ya bei ya soko kwa zile anazojua zitatoka haraka, na 10 au chini kwa zilizobaki. Akinunua kwa mkupuo, kila kitu kinaingia kwenye fungu la pili. Sijui kwa nini wauzaji husahau kwamba huyo mtu anajua kusoma orodha ile ile niliyoweka hapo juu.

Ila una hoja kwa mabaki. Toeni kwanza zenye bei, labda 20 au 30. Zilizobaki ziuzeni kwa mafungu yanayofuatana: Spider-Man namba 150 hadi 200 pamoja, si boksi la mchanganyiko. Fungu lenye mfululizo linauzika, mchanganyiko unaliwa na gharama ya kusafirisha.

Kupeleka CGC, kampuni ya kukagua komiki kule Florida, zipewe alama ya hali (0.5 hadi 10) na kufungiwa kwenye plastiki ngumu: fanyeni hivyo kwa ile tu ambayo tofauti ya bei kabla na baada inazidi mara mbili gharama zote, kwenda na kurudi na bima ikiwemo. Kutoka Tanga hilo litakuta komiki tano, labda kumi. Na anayeikagua atatambua kila ukarabati. Komiki iliyopakwa rangi au kuongezwa karatasi hupewa lebo ya zambarau na bei huanguka.

MamaMaktaba

Nimesubiri mtu aseme habari za Sani na African Film, naona wote mmekimbilia Spider-Man.

Jamani. Spider-Man 129 ikiungua leo, dunia ina maelfu. Majarida ya Dar yalichapishwa kwenye karatasi duni, yakasomwa na mtaa mzima, yakafungia karanga. Seti ya Sani yenye akina Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge na Kipepe, ikiwa na namba zinazofuatana, ni adimu kuliko karibu kila kitu kwenye hizo boksi za Marvel. Bei yake mnadani ni ndogo kwa sababu hakuna soko, si kwa sababu zipo nyingi. Joe, ya Hilary Ng'weno na Terry Hirst, ilitoka 1973 hadi 1979 tu. Pichadithi ni kazi ya huyohuyo Hirst. Hapa msiulize "tutapata ngapi", ulizeni "nani atazitunza".

Ushauri wangu: mkusanyo huu ni miwili, si mmoja. Wa nje uuzwe, wa Afrika Mashariki utolewe mahali pamoja bila kutawanywa. Na sehemu ya pesa ya ule wa kwanza ilipie uhifadhi wa ule wa pili.

Pa kuuliza: maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo chake cha East Africana. Kenya National Archives pale Moi Avenue kwa Joe na Pichadithi. Nje kuna Michigan State University, wana mkusanyo mkubwa sana wa komiki za dunia nzima na idara ya siku nyingi ya mambo ya Afrika, na maktaba ya vibonzo ya Billy Ireland kule Chuo Kikuu cha Ohio State, hapo hapo kwa Kaka_Columbus. Mimi ningeanza Dar. Msomaji wa Sani yupo Dar.

Kosa la kawaida ni kupakia boksi kwenye gari na kwenda kuzishusha mlangoni. Zitapokelewa kwa tabasamu na kukaa stoo. Fanyeni hivi: orodha ya Excel kwanza, safu za jina, namba, tarehe, hali, kurasa zinazokosekana. Itumeni kwa barua pepe na picha kumi hivi. Waulize mambo matatu: wanazo namba zipi tayari, zitaingia kwenye katalogi lini, na nakala zinazojirudia watafanyia nini. Maktaba nyingi huuza au kutupa nakala za ziada, ni haki yao, ila mjue mapema. Kisha hati ya kutoa iliyosainiwa pande zote, yenye orodha kama kiambatisho, na sentensi inayosema wakiona hawawezi kuzitunza wazirudishe kwa familia au wazipeleke taasisi nyingine iliyotajwa. Msiweke masharti mengi zaidi ya hapo. Ukidai rafu yenye jina la mzee na kabati la kioo, watakataa, na hawatakosea.

Ngamiani_Kati

Mama, asante sana. Zile Sani zilizojalidiwa: tuzifumue?

FundiJalada

Hapana! Fundi wa jalada wa mtaani huwa anakata kingo tatu kwa mashine ili kitabu kiwe sawa, na pengine amepiga gundi ya moto au kushona pembeni. Ukifumua utachana kurasa za katikati na bado kingo hazirudi. Kwa mnunuzi bei imeshashuka, kufumua hakuipandishi. Kwa maktaba jalada ni faida, limezuia namba zisipotee. Andika tu kwenye orodha "zimejalidiwa, kingo zimekatwa".

Zisizojalidiwa: mfuko wa polipropileni na kadi nyuma, komiki igusane na ule upande wa kadi unaong'aa, mara nyingi ndio wenye kalsiamu ya kupunguza asidi. Mifuko hiyo badilisheni kila baada ya miaka saba hivi. Mifuko ya Mylar (plastiki ya poliesta) inakaa miongo, lakini ni ghali, iwekeni kwa zile 30 za bei na kwa Joe. Sani nyingi ni pana kuliko komiki ya Marekani, pimeni kabla ya kuagiza, mfuko wa kubana unakunja kona wakati wa kuingiza. Boksini zisimame wima, vidole viweze kupenya.

Wakili_Kisauni

Naongeza la sheria kwa sababu limeachwa na ndilo litakalozua ugomvi.

Kama mzee ni Mwislamu: wasia haupiti theluthi ya mali yote, na hauendi kwa mrithi bila wenzake kuridhia. Kwa hiyo kuandika "komiki zangu zote apewe fulani aliyeko Marekani" hakutasimama wengine wakikataa. Akitaka ziende maktaba au kwa mtoto mmoja, njia safi ni hiba, yaani zawadi anayoitoa akiwa hai na mzima, na hiba hutimia kwa kukabidhi. Boksi zikibaki chumbani kwake hadi siku ya mwisho, wengine watasema hazikutolewa. Kama si Mwislamu, wosia wa maandishi wenye mashahidi, na orodha ile ya Excel iambatanishwe. "Vitabu vyangu vya katuni" peke yake haitoshi. Msimamizi wa mirathi hatajua Hulk 181 ni ipi.

Huyo wa Marekani akipokea zawadi halafu akauza, kule atahesabiwa faida kwa gharama ya awali aliyonunulia mzee. Faida ya vitu vya mkusanyo vilivyokaa zaidi ya mwaka inaweza kutozwa hadi asilimia 28 na serikali kuu. Akirithi, hesabu huanzia thamani ya siku ya kifo. Aongee na mhasibu wa huko.

Bint_Makorora

Swali: hatuwezi kuskani Sani zote na kuziweka mtandaoni wote tusome?

Wakili_Kisauni

Kuskani kwa ajili ya kutunza ni jambo moja, kusambaza ni jingine, dada. Kumiliki karatasi si kumiliki haki. Tanzania na Kenya haki ya mchoraji kwa kawaida hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Ombeni ruhusa kwa wachoraji au warithi wao.

MamaMaktaba

Na kama mnaskani kwa kutunza, fanyeni mara moja vizuri. Nukta 400 kwa inchi, rangi, TIFF. Ukurasa wa ukubwa wa komiki ya Marekani unafika kama MB 32, komiki ya kurasa 36 na majalada yake ni zaidi kidogo ya GB 1. Kwa majarida 400 tengeni diski ya TB 1 na nyingine ya pili ya kukaa nyumba tofauti. Nakala ya kusomea mnapunguza kuwa JPEG, mnazifunga kwenye zip na kubadilisha mwisho wa jina kuwa .cbz, aina ya faili inayofunguliwa na programu za kusomea komiki. Kurasa ziitwe 001, 002, si 1, 2, vinginevyo programu itaweka 10 kabla ya 2. Zilizojalidiwa zipigwe picha kwa kamera juu ya stendi, msizikandamize kwenye skana, mgongo utapasuka.

Luthuli_Dalali

Haya, nimenyamaza kwa Sani. Lakini hizo Indrajal msizidharau. Zilianza 1964 kule India na Phantom, na wazee wa Kihindi waliosambaa Uingereza na Kanada wanazitafuta sana. Namba za mwanzo zikiwa safi zina bei nzuri. Amar Chitra Katha ni tofauti, zimerudiwa kuchapishwa mara nyingi mno kwa namba ileile, kwa hiyo bei iliyochapwa jaladani ndiyo itakuambia kama ni ya zamani. Tintin za Methuen nazo zimerudiwa sana: tazama orodha ya vitabu kwenye jalada la nyuma. Ikiwa imetaja kitabu kilichotoka miaka mingi baada ya hicho ulichoshika, si chapa ya kwanza.

Kaka_Columbus

Hapo umesema, mkuu.

Kusafirisha: komiki moja na mfuko na kadi ni gramu 90 hivi, kwa hiyo boksi fupi la komiki 150 linakaribia kilo 14. Msipite kilo 12 kwa furushi, zaidi ya hapo linarushwa. Za bei: komiki mbili mbili, kipande cha kadibodi kila upande, mistari ya mawimbi ya kimoja iende wima na ya kingine mlalo ili lisikunjike upande wowote, selotepu ishike kadibodi kwa kadibodi na isiguse mfuko. Kisha mfuko wa kuzuia maji, boksi ndani ya boksi, sentimita 5 za karatasi zilizofinyangwa pande zote. Andikeni thamani ya kweli kwenye fomu ya forodha. Na someni masharti ya fidia: wasafirishaji wengi huweka kikomo kidogo kwa vitu vya mkusanyo hata ukilipia bima.

Ngamiani_Kati

Nimewaelewa. Kipima unyevu kimenunuliwa leo: ndani ya sanduku la bati kinasoma 81, chumbani 74. Tunahamisha kesho asubuhi. Je, friza yenye samaki inafaa au tutafute nyingine?

FundiJalada

Tafuteni nyingine, mkuu. Mfuko ukiziba vizuri harufu haiingii, lakini friza ya samaki inafunguliwa kila saa, joto linapanda na kushuka na wiki mbili hazitahesabika. Mkikosa kabisa, toeni samaki kwanza, zifungeni mifuko miwili miwili, na mlangoni bandikeni karatasi ya tarehe ya kufungua.